Plagi Haidanganyi Isipocheleweshwa

"Sajenti, mfunge huyu mzee sasa hivi, au nimfunge mwenyewe kwa kamba ya kuvutia magogo!"

Hivyo ndivyo Réal Potvin alivyompokea Sajenti Rollande Gaudreault bandani kwake, Jumapili ya karnivali, saa tatu na dakika chache asubuhi. Nje kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, naye Réal alikuwa na shati moja tu, tena vifungo wazi. Hasira zilimtosha kuwa koti. Sisi wa Sainte-Zélie tumemzoea. Akikasirika tunasema bora, leo tutaokoa kuni.

Katikati ya banda ilikaa pikipiki yake ya theluji, ile ya njano, bingwa wa ziwa miaka minne mfululizo. Jana asubuhi, kwenye mbio za mchujo, ilikimbia mita mia nane juu ya barafu, ikapiga kelele moja ya nguruwe anayechinjwa, ikakwama. Pistoni imeng'ang'ania silinda. Injini kwisha habari yake.

"Nani aliigusa mwisho?" Rollande aliuliza, akivua glavu.

"Ovila Desbiens! Nani mwingine anayegusa injini kijiji hiki?"

Hapo Réal hakuongeza chumvi. Mzee Ovila ana miaka sabini na moja, na kila Februari anawatengenezea injini washindani wote, hata wale wanaomshinda binti yake. Kwetu mtu hanyimwi injini nzuri. Injini ikikufia katikati ya ziwa na baridi hii, hayo si mashindano tena, ni matanga. Lakini binti yake, Marjolaine, amekuwa wa pili nyuma ya Réal miaka yote hiyo minne, na sasa Réal alikuwa akitangaza kijiji kizima kwamba mzee amechoka kungoja.

Kamati ya karnivali ilikuwa imeamua jana jioni. Sajenti asipopata maelezo mengine kabla ya saa saba mchana, Marjolaine anafutwa kwenye fainali ya saa nane, na Ovila hatagusa tena injini yoyote ya mashindano. Kwa mzee yule, ni heri wangemkata mikono.

"Umeifungua?" Rollande aliuliza.

"Niifungue nini? Mimi ni dereva."

"Vizuri. Basi tusibishane, tuiulize yenyewe."

Rollande ni binti wa fundi wa matrekta. Alijua spana kabla hajajua sala. Alianza na geji ya joto la moshi, ile saa ya duara iliyokaa kwenye usukani, yenye sindano nyeusi na sindano nyembamba nyekundu.

"Hii nyekundu inafanya nini?" alimuuliza Réal.

"Hiyo? Pambo."

"Pambo! Réal, umeshinda vikombe vinne na hujui hii? Nyeusi hupanda na kushuka na joto. Nyekundu husukumwa juu, ikabaki palepale ilipofikishwa, mpaka mtu airudishe kwa kidole. Tazama ilipobaki."

Réal aliinama. Mia saba na ishirini.

"Ni nyingi?"

"Mia sita na thelathini unakula kikombe. Mia saba na ishirini unakula pistoni."

Akafungua plagi. Zote mbili zilikuwa nyeupe pee, zimekauka kama mifupa, na kwenye kaure yake kulikuwa na vipunje vya kung'aa: pistoni yenyewe, imeyeyuka ikarukia huko. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi mno, hewa nyingi, petroli kidogo. Petroli ndiyo inayopoza injini ya namna hii. Ikipungua, moto unageuka na kumla mwenye nyumba.

Akashusha bakuli za kabureta, akatoa jeti, zile skrubu ndogo za shaba zenye tundu linalopimia petroli. Namba kubwa, tundu kubwa. Akazisogeza dirishani.

"Mia tatu na arobaini," alisoma.

"Na hapo je?" Réal alionyesha kadi iliyoning'inia kwenye usukani. Ovila hufunga kadi kwenye kila injini anayoimaliza. Hii, ya Ijumaa mchana, ilisema kwa maandishi yake makubwa: *370. Baridi inakuja. Usiguse.*

"Umeona!" Réal aliruka. "Ameandika moja, akatia nyingine! Mnafiki mkubwa!"

"Au ametia mia tatu na sabini, mtu mwingine akaja akabadilisha. Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye hoki, uwanjani. Nimefunga mabao mawili. Waulize watu thelathini."

"Sijakuuliza mabao. Banda lina funguo?"

"Mmoja ninao mimi, mmoja uko jikoni kwenye msumari. Na Ovila nilimpa wa tatu, mpumbavu mimi!"

Rollande alipekua rafu taratibu. Nyuma ya kopo la rangi alikuta vifurushi viwili vya kitambaa, kila kimoja na plagi ndani. Kimoja kimefungwa fundo moja, kingine mafundo mawili. Alipokunjua, plagi zilikuwa nyeusi tii, masizi mpaka kwenye nyuzi za skrubu.

Kila mtu aliyewahi kukanyaga karakana ya Ovila anayajua mafundo yale. Fundo moja, silinda ya kushoto. Mawili, ya kulia. Réal aliyaona, akaanza kufunga vifungo vya shati, na hilo likamtisha Rollande kuliko makelele.

*

Marjolaine ndiye aliyefungua mlango wa karakana. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo haukuwa na shida yoyote.

"Umekuja na pingu, Sajenti? Zitie mafuta kwanza, zisimgande mzee mkononi."

"Dada, nipishe nipate joto. Baba yuko?"

Ovila alikuwa amekaa karibu na jiko, akifuta spana iliyokwisha kuwa safi. Alimsogezea Rollande kiti kwa mguu. Mguu mmoja tu unaotii. Nyonga yake ya pili imegoma tangu mwaka juzi, na hajapanda pikipiki tangu hapo. Rollande aliliweka hilo kichwani. Aliyeipanda ile ya njano Ijumaa, kama iliendeshwa, hakuwa mzee.

"Uliweka jeti namba ngapi, mzee?"

"Iko kwenye kadi."

"Ijumaa ilikuwa nyuzi nane tu chini ya sifuri. Mia tatu na sabini si nyingi?"

"Kwa Ijumaa ni nyingi. Mimi sikuitengeneza kwa Ijumaa." Mzee alichangamka, maana akiulizwa injini husahau shida zote. "Hewa ikipoa inajikaza. Injini inavuta hewa nzito, inataka petroli zaidi. Nilisikia nyonga inauma Ijumaa asubuhi, nikajua Jumamosi itakuwa thelathini. Ikawa thelathini na moja."

"Kwa hiyo mtu akiijaribu Ijumaa, ataiona nzito."

"Kidogo. Kahawia iliyokolea. Si vibaya."

Rollande alitandika vile vitambaa viwili juu ya meza. Ovila alitazama mafundo. Kisha akatazama kitambaa chenyewe, mraba wa buluu na nyeupe, akashusha pumzi ndefu na kurudi kwenye spana yake.

"Ni mafundo yako, mzee."

"Ni mafundo yangu."

"Wewe ndiye uliyeyafunga?"

Mzee akaikagua spana kwenye mwanga. Kwenye rafu nyuma yake zilipangwa plagi kama arobaini, zote zimefungwa kwa vipande vya shati kuukuu la kijivu. Hata kimoja cha buluu hakikuwapo.

"Baba, sema!" Marjolaine alipandisha sauti. "Sema hukufunga wewe! Saa nane nakimbia, au sikimbii, kwa neno lako moja!"

"Nimekufundisha usimsukume mtu mwenye siri, Marjo."

"Siri ya nani?"

"Ingekuwa yangu ningekupa." Mzee akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nisamehe, binti yangu. Nilitoa neno."

Rollande hakumwuliza tena. Alikwisha kupewa zaidi ya alichokiomba: kuna mwanafunzi aliyefundishwa mafundo yale, na Ovila ametambua kitambaa.

*

Njia ya kutoka kwa Potvin hadi mwisho wa ziwa inapita katikati ya vibanda vya uvuvi, vibanda kumi na vinne juu ya barafu, kila kimoja na bomba lake la moshi na mlevi wake. Cha kwanza ni cha Conrad. Alikuwa ameinamia tundu lake, kamba kidoleni.

"Ijumaa jioni ilipita pikipiki ya njano?" Rollande aliuliza.

"Ilipita. Réal huyo. Kwanza nimesikia huko mbali akiikamua mpaka mwisho, halafu akarudi pole pole." Conrad akacheka peke yake. "Lakini Sajenti, karnivali inabadilisha watu! Alinipungia mkono."

"Kuna ajabu gani?"

"Réal? Miaka hamsini nimemjua, hajampungia mtu mkono hata mara moja. Ijumaa alisimama kwangu, akapunga. Kwa jirani, akasimama, akapunga. Vibanda vyote kumi na vinne! Kofia imefunika uso, hasemi, anapunga tu."

"Injini aliizima?"

"Aizime ya nini na baridi? Iliunguruma tu hapo, brrr, brrr, mpaka amalize salamu. Dakika ishirini nzima."

Rollande alicheka kwa sauti, samaki wa Conrad akakimbia, na Conrad akamlaani kwa heshima zote. Sajenti alikuwa ameshaiona picha yote, imebaki sura moja tu chini ya kofia. Nani katika Sainte-Zélie hawezi kupita kibanda chochote bila kusalimu? Nani anamjua kila mvuvi kwa jina la mama yake na kwa bakuli analolipenda?

Saa tano na nusu. Alianza kutembea kuelekea kwenye moshi mnene kuliko wote.

*

Kibanda cha supu kinakaa katikati ya barafu, na mwenye kibanda ni Huguette Potvin, mke wa Réal. Rollande aliagiza supu ya gourgane, yale maharagwe yetu makubwa, akala nusu bakuli kabla hajasema neno. Kazi ni kazi, lakini supu ya Huguette nayo haingoji. Wakati akila alitazama taulo la vyombo begani mwa mama huyo. Mraba wa buluu na nyeupe, na pembe moja imekatwa.

Kisha akaweka plagi kaunta, ile nyeupe.

"Hii imetoka kwenye injini ya mumeo, mama."

Huguette aliichukua, akaizungusha kwenye mwanga kwa vidole viwili, kama mtu aliyefanya hivyo mara mia.

"Siyo hii."

"Ndiyo hii."

"Haiwezekani! Zilikuwa nyeusi! Nyeusi tii, nimezitoa mwe..."

Upawa ulimponyoka ukatumbukia sufuriani. Wavuvi sita waligeuza vichwa. Mlangoni alikuwa amesimama Réal, ambaye alikuja kudai mzee afungwe.

"Umezitoa mwenyewe," Rollande alimalizia kwa upole. "Halafu?"

Huguette alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa jeti mbili za shaba, akaziweka karibu na bakuli. 370 na 370.

"Nilitaka ashinde kwa mkono wangu," alisema, na machozi yakamtoka. "Basi. Mara moja tu. Nilijaribu pikipiki, nikatoa plagi, nikaona nyeusi. Nikasema mwalimu kazeeka, ametia nzito mno. Nikashusha mpaka mia tatu na arobaini, nikatia plagi mpya. Tangu jana najiambia si mimi, plagi zilikuwa nyeusi, nilikuwa sahihi. Najiambia, na supu naitia chumvi mara mbili."

"Tumeiona hiyo chumvi," alisema mmoja wa wavuvi.

"Mwalimu?" Réal aliuliza kutoka mlangoni. "Mwalimu gani?"

"Ovila. Kila Alhamisi. Miaka miwili."

"Alhamisi unakwenda kushona!"

"Na miaka miwili hujawahi kuuliza nguo ziko wapi."

Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko. Conrad, aliyekuwa amemfuata Sajenti kwa ajili ya umbea tu, alilazimika kushika ukuta.

"Mama Huguette," Rollande aliuliza wakati kicheko kilipopungua, "mzee alikufundishaje kusoma plagi?"

"Kaza gesi mpaka mwisho. Zima injini palepale, gesi ikiwa bado imekazwa. Teleza mpaka isimame. Toa, soma."

"Ulizima palepale?"

"Nili..." Huguette alifikiri. Kisha akafunika mdomo kwa mkono. "Nilitaka kuzima. Nikamwona Conrad yuko mlangoni, ananitazama. Ningepitaje bila kusalimu? Watu wangesema Réal ana kiburi."

"Wanasema hivyohivyo," alisema Conrad.

"Na ulipomsalimu Conrad..."

"Nikamsalimu wa pili. Wa tatu angejisikiaje?"

"Vibanda kumi na vinne," alisema Rollande. "Dakika ishirini injini inaunguruma pole pole. Kwa mwendo huo injini yoyote duniani inatema masizi. Plagi haidanganyi, mama, lakini husema jambo la mwisho ililoliona. Uliyoisoma wewe ni habari ya salamu. Ya mbio ilishafutika."

"Mwenda pole hajikwai, wanasema," alidakia Conrad. "Huyu kaenda pole, kajikwaa na injini nzima!"

Réal alikuwa bado amesimama pale pale. Sote tulingoja apasuke. Alimtazama mkewe, akazitazama zile jeti, akamtazama tena mkewe.

"Ulibadilisha jeti za kabureta mbili," alisema polepole. "Peke yako. Jioni, kwa mikono hii."

"Dakika kumi na tano."

"Mimi hata kifuniko sijui kinafungukia wapi." Akakaa kwenye benchi kwa uzito wake wote. "Na nimemwita mzee wa watu mnafiki. Mbele ya kanisa. Nipeni kitu nijifunike uso."

Huguette alimtupia lile taulo.

*

Kamati ilipewa maelezo saa sita na nusu, na mwenyekiti akapiga muhuri huku akicheka. Réal alikwenda mwenyewe karakana. Alichosema huko hatukukisikia, ila tulimwona akirudi amembeba Ovila mgongoni juu ya theluji mpaka ukingoni mwa barafu, mzee akimpiga begani, "Kaza gesi, we punda, kaza!"

Lakini furaha ilikuwa na mwiba. Jua lilikuwa limetoka kali, kipimajoto kimepanda hadi kumi na tatu chini ya sifuri, na injini ya Marjolaine bado ilikuwa na jeti za baridi ya alfajiri, mia tatu na sabini. Ikibaki nzito, ataburuta, na atakosa kikombe mwaka wa tano, safari hii nyuma ya ndugu wawili washindani wa ng'ambo ya ziwa. Ikishushwa mno, itaungua kama ya Réal.

"Baba, njoo usome," Marjolaine aliita.

"Nani, mimi? Msomaji yule pale." Ovila alimwelekezea kidole Huguette.

"Baba! Huyu kaunguza injini jana!"

"Ndiyo maana namtaka. Kosa lile halirudii tena mpaka anazikwa. Sisi wawili bado hatujalifanya."

Marjolaine alimtazama Huguette. Huguette alikuwa anafungua na kufunga tena kamba ya aproni yake.

"Haya, mama," alisema Marjolaine, akavaa kofia. "Leo usimsalimu mtu."

Alikwenda mbio, gesi mwisho, na kwenye bendera nyekundu akaizima. Pikipiki iliteleza kimya, theluji ikisikika chini ya skii. Huguette alikimbia na spana bila kumtazama mtu, Conrad akampungia mkono kwa makusudi, Huguette akapita kama hajamwona. Akarudisha pumzi, akatoa plagi, akatazama geji.

"Kahawia ya kahawa kavu. Sindano nyekundu mia tano na themanini. Nzito." Akafuta spana kwa taulo. "Kushusha moja tu. Mia tatu na sitini. Siyo zaidi."

Ovila alimsogelea akiegemea fimbo yake. Alivua glavu yake, akamfungulia kiganja. Ndani zilikaa jeti mbili, zimepata joto la mkono wake. 360 na 360. Alikuwa amezishika tangu atoke karakana.

Huguette alilia palepale, akazifunga akiwa analia.

Saa nane kamili bendera ilishuka. Mkimbio wa kilomita moja si hadithi ndefu. Wale ndugu wawili walitangulia mpaka katikati, kisha injini ya Marjolaine ikaanza kuimba juu, juu zaidi, sauti moja safi isiyokatika, na sisi tuliokuwa ukingoni tukaanza kupiga mayowe kabla hata hajawapita. Aliwapita kwa urefu wa skii. Ovila alirusha fimbo yake hewani na kusahau kuidaka.

Marjolaine alivuka mstari, akazima palepale gesi ikiwa imekazwa. Watu mia tatu walimfuata kwa macho wakati anateleza. Kwetu ushindi hauhesabiwi mpaka plagi itoke.

Huguette aliitoa. Hakuisoma. Alimpelekea mumewe, moto moto ndani ya pembe ya taulo.

"Soma."

"Mimi? Hugue, watu wananitazama."

"Soma."

Réal aliisogeza puani, akaizungusha kama alivyoona wengine wakifanya.

"Kahawia."

"Kahawia ipi?"

Akaitafuta hiyo kahawia kichwani, jasho likimtoka kwenye nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri. "Kama... kama ile kashata yako ya krimu. Ukiitoa motoni kwa wakati."

Ovila alitikisa kichwa kukubali. Makelele yakapanda mpaka nadhani barafu ilisikia. Rollande alichana karatasi ya mashtaka, akawashia kiko cha Conrad.

Katikati ya zogo lile Réal alimsogelea mzee, akashusha sauti ili wengine tusisikie, lakini tulisikia.

"Mzee wangu. Hiyo Alhamisi mnaanza saa ngapi?"